Arobaini na Tano

Nilikata kromosomu kwa mkasi.
Usicheke. Mwaka ule, sabini na nne, jijini Łódź,
kompyuta ilikuwa mali ya watu wengine;
sisi tulikuwa na picha, gundi,
na mkasi wa kudarizi alioniachia mama,
wenye umbo la korongo, mdomo ndio makali.

Damu ilikuja kichupani, namba mia nne kumi na mbili.
Siku tatu tuliiatamia kwa joto la mwili,
kisha tukaitilia sumu ya ua la vuli
ili seli zigande palepale zinapogawana urithi,
kila mmoja kashika chake, mlangoni, hajatoka.
Tone moja juu ya kioo baridi, kutoka urefu wa mkono.
Zikapasuka.
Chini ya hadubini: njiti? viluwiluwi?
mwandiko wa mtu aliyeandika gizani?

Nikahesabu. Arobaini na tano.
Nikarudia, maana mtu huwa na arobaini na sita
na mhesabuji huwa na usingizi.
Arobaini na tano.
Seli ya pili, ya tisa, ya ishirini,
chai imepoa, theluji imepanda nusu ya dirisha,
arobaini na tano.

Fomu inasema: Halszka Wrzos, miaka ishirini na tisa,
mfumaji, zamu ya usiku, kiwanda cha pamba.
Mzima. Mimba tatu zimeharibika.
Mtoto hai mmoja, Jagna, miaka minne,
na pembeni, kwa wino mwekundu wa Daktari Zawilski,
neno ambalo siku zile waliliandika bila kuona haya.

Nilimpata mtoro saa nane za usiku.
Hakutoroka. Ile ndogo, ya ishirini na moja,
ilikuwa imepanda mgongoni mwa ya kumi na nne,
imeng'ang'ania shingoni,
zimekuwa kitu kimoja.
Hakuna kilichoibwa. Kimehama tu,
na aliyehama haitwi marehemu.

Daktari alimweleza Halszka kwa maneno marefu.
Alimsikiliza kama mtu asikilizaye kocha ya gari moshi ikiondoka.
Nikatoka nyuma ya meza, kazi isiyokuwa yangu,
nikamwonyesha picha.
Akaiinamia. Akanusa gundi.
"Fundo," akasema.
"Nyuzi mbili za mtande zimefungwa fundo.
Kwangu nguo imetoka sawa, kwa sababu nyuzi zote zimo.
Ila siku ya kugawa mtande mara mbili,
fundo haligawanyiki. Linakwenda upande mmoja."
Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Wiki iliyofuata nilikata za Jagna.
Arobaini na sita!
Hesabu safi, ya kuandika kwenye kitabu cha shule.
Moja ya baba, moja ya mama,
na ya tatu kajibanza ndani ya fundo, haihesabiki.
Basi mama ana pungufu na hakupungukiwa,
mtoto ana kamili na kazidishiwa,
na mimi, niliyelipwa kwa kuhesabu,
nilikaa nikitazama vidole vyangu.

"Kosa la nani?" Halszka aliuliza mara moja tu.
Nikamwambia labda bibi yake, labda bibi wa bibi,
labda ni yeye mwenyewe, kabla hajawa na macho.
Seli hunakili usiku na mchana, bila kupumzika.
Wewe unayefuma zamu ya usiku, niambie,
uzi hukatika kwa kosa la nani?
Hakunijibu. Sikustahili jibu.

Jagna alikuwa sakafuni, anaokota mabaki ya karatasi,
vile vishungi vya kijivu vilivyodondoka kwenye mkasi.
Akapanda kiti. Akaona karatasi ya mama yake,
safu kwa safu, jozi kwa jozi,
na pale chini, nafasi moja nyeupe
niliyoiacha kwa mujibu wa kanuni.
Akalamba kipande, akakibandika.
Akakipiga kofi kishike.

Daktari aliagiza karatasi nyingine.
Niliitengeneza, ikaingia faili.
Ile ya kwanza ninayo. Gundi imekauka, kumi na nane imebanduka,
ya tatu imepinda.
Kipande cha Jagna bado kimeshika.